Kwa nini sanduku la mtarakwa la bibi bado linanukia?

Ukifunua sanduku la bibi yangu kule Kongwa, kabla hujaona kitu unapigwa na harufu. Ni ya penseli iliyochongwa sasa hivi: kavu, na utamu fulani kwa mbali. Ndani mna kanga mbili za harusi yake, cheti cha ubatizo cha baba, picha za babu za pasipoti, na chini kabisa koti zito la sufu. Babu alilinunua koti hilo pamoja na sanduku lenyewe mwaka 1951, Waingereza wa ule mradi mkubwa wa kulima karanga hapo Kongwa walipokuwa wanafunga virago. Mradi ulikufa. Koti halina tundu hata moja.

Mwaka jana dalali wa samani kutoka Dodoma mjini alikuja kulitazama. Akagonga ubao, akanusa, akasema, "Huu ni mwerezi, bibi." Alikosea, ila si yeye wa kwanza.

Ukitaja mwerezi, wengi tunafikiria Lebanoni ya kwenye Biblia. Wazungu nao huyaita masanduku ya aina hii kwa jina la mti huo. Lakini yale yaliyovuma Marekani, ambayo binti aliyajaza mashuka na vitambaa akisubiri kuolewa, yalitengenezwa kwa mti mwingine kabisa, Juniperus virginiana. Huo ni ndugu wa mtarakwa wetu, Juniperus procera, unaoota Usambara, Meru na nyanda za juu za Kenya. Undugu wenyewe ni wa karibu: wenye viwanda vya penseli walipoanza kuishiwa na mti wa Marekani, waliugeukia mtarakwa. Ndiyo maana sanduku la bibi linanukia kama mfuko wa mwanafunzi.

Huku kwetu Ugogoni mti huo hauoti. Unataka milima na ubaridi. Fundi wa Dodoma akitaka kusifu mbao atakutajia mninga. Kwa hiyo sanduku la mtarakwa Kongwa ni mgeni, na huenda ndiyo sababu mojawapo ya kuheshimiwa.

Harufu inatoka kwenye kiini, ile sehemu nyekundu ya katikati ya gogo. Mti unapozeeka, sehemu hiyo huacha kupitisha maji, na mti unaijaza mafuta ya kujilinda na kuvu na wadudu. Mafuta haya ni mazito, hupaa polepole sana, na kifuniko kikishika vizuri hayana pa kwenda. Baada ya miaka, uso wa ubao hukauka na harufu hufifia, watu wakadhani imekwisha. Haijaisha. Pitisha msasa laini upande wa ndani, futa vumbi, na harufu inarudi, kwa sababu chini ya ngozi ile ubao bado umeshiba. Kosa ni kupaka vanishi ndani. Hapo umeziba pua ya sanduku, na vanishi yenyewe inaweza kulainika na kunata kwa mvuke wa mafuta.

Je, harufu hiyo inafukuza nondo kweli? (Mdudu, si chuma cha fundi.) Kwa kiasi. Nondo mzima hali nguo. Wanaokula ni viwavi wake, tena wanataka sufu, manyoya na hariri. Kanga ni pamba, haiwahusu, labda iwe imehifadhiwa ikiwa bado na jasho na mafuta ya mwili. Mvuke wa mtarakwa ukiwa mwingi unaweza kuua viwavi wachanga, lakini waliokwisha kukua hawaujali sana. Kwa hiyo katika sanduku zima aliyekuwa hatarini ni koti la babu, na naamini kilichookoa zaidi ni kifuniko kinachobana na mkono wa fundi: pembe zimeshikana kwa meno, hakuna msumari, hakuna upenyo.

Adui wa Kongwa hasa ni mchwa, na hapo mtarakwa hauna mzaha. Huko milimani unakoota, watu huutumia kwa nguzo za uzio, zinazokaa ardhini miaka na miaka. Tranka la bati nalo mchwa haliwezi, lakini bati likipoa usiku wa masika hutoa jasho kwa ndani. Ubao hunywa unyevu na kuuachia taratibu. Dodoma mvua yake ni kama milimita 570 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na sanduku linaijua kalenda hiyo: Februari kifuniko kinabana mpaka usaidiwe, Agosti kinaachia chenyewe.

Lina madhara yake. Mbao hutoa mvuke wenye asidi, na cheti cha baba kina doa la njano pale kilipogusa ubao. Dawa ni kufunga kila kitu kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa; kile kitambaa cha zamani kiitwacho marekani kinafaa sana. Halafu kufuli. Huko Marekani, mwaka 1996, masanduku yapatayo milioni 12 yaliyoundwa kati ya 1912 na 1987 yalitangaziwa kubadilishwa kufuli, maana yalijifunga yenyewe na watoto waliojificha ndani walikufa kwa kukosa hewa. La bibi lina komeo la nje tu, na juu yake huwa ameweka beseni la mahindi.

Dalali alipandisha bei mara tatu. Bibi akamkaribisha uji, wakaongea habari za mvua, akaondoka mikono mitupu. Alipokwisha kuvuka uzio, bibi aliinua beseni, akafunua, akalitoa koti na kunisogezea kola puani.

"Nusa, mume wangu. Huyo ndiye babu yako."

Wanasayansi husema mishipa ya pua inafika upesi kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulika na kumbukumbu na hisia. Nilinusa kwa bidii. Kilichonijia ni darasa la pili, kichongeo, na maganda ya penseli juu ya dawati.

"Ndiye," nikamwambia.