Kutafakari si kufuta mawazo: dhana potofu kuhusu kujifunza Ubuddha Dar es Salaam

Dhana: Ni dini ya Wachina, imeingia mjini juzi juzi.

Buddha, yaani Siddhartha Gautama, alizaliwa Lumbini, Nepal ya leo, akafundisha kaskazini mwa India. Hapa Dar hekalu lilianzishwa na Wasinhala wa Sri Lanka waliokuja kufanya kazi enzi za ukoloni. Liko Upanga tangu takriban mwaka 1920, na uani kuna mti wa bodhi, aina ya mti ambao Buddha alipata mwangaza chini yake, uliotokana na ule wa Anuradhapura, mji wa kale wa Sri Lanka. Yule mzee mnene anayecheka, mnayemwona kwenye kaunta za maduka, si Buddha; ni Budai, mtawa wa China wa karne ya 10.

Dhana: Kutafakari ni kuondoa mawazo yote kichwani.

Hii ndiyo inayowakimbiza wengi, na inaniuma kila ninapoisikia. Mtu anakaa dakika tano, anawaza kodi ya nyumba, anawaza foleni ya Mbagala, kisha anaona hana kipaji. Kumbe kazi ndiyo kwanza imeanza. Maelekezo ya kuangalia pumzi, anapanasati, ni mepesi kuyasema: ukivuta pumzi ujue unavuta, ukitoa ujue unatoa. Akili ikitoroka, tambua imetoroka, irudishe bila kujigombeza. Itatoroka tena. Kule kutambua ndiko zoezi lenyewe.

Kwa hiyo honi za bodaboda haziharibu kitu. Umesikia, umejua umesikia, unarudi kwenye pumzi. Wala si lazima ukunje miguu, maana mafundisho yanataja mikao minne: kukaa, kusimama, kutembea na kulala. Mwenye goti bovu aombe kiti, hakuna aibu.

Dhana: Mbuddha hajikingi hata na mbu.

Swali hili nalipenda, kwa sababu Dar mbu hawakosekani. Sila ya kwanza kati ya zile tano, yaani miiko ya maadili ya Mbuddha, ni kujizuia kuua kiumbe chenye uhai, na uzito wake uko kwenye nia. Chandarua ruksa, dawa ya kujipaka ruksa, na kufukia madimbwi kabla mbu hawajataga ni bora zaidi. Mbu akitua mkononi mwako wakati umekaa, mpungie aende. Ila kwanza jaribu kuangalia: mwasho unaanza kama ncha ya sindano, unapanda, hasira inafuata, mkono unataka kuruka wenyewe. Sekunde hizo chache zinakufundisha zaidi jinsi chuki inavyozaliwa kuliko mawaidha ya saa nzima.

Sila nyingine nne ni kutochukua usichopewa, kujiepusha na uzinzi, kutosema uongo na kuacha vileo. Mwislamu au Mkristo gani wa mji huu ataziona ngeni?

Dhana: Wanaabudu sanamu.

Buddha hakudai kuwa Mungu wala muumba. Alikuwa binadamu, akafa na umri wa miaka 80. Wanaoinama mbele ya sanamu yake wanamheshimu mwalimu. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema hii ni mazoezi tu ya kutuliza presha. Kukimbilia kwa Buddha, kwa Dhamma (mafundisho yake) na kwa Sangha (jumuiya ya watawa) ni tendo la imani, na mtu asilifanye kwa kufuata mkumbo. Kuangalia pumzi hakuhitaji kiapo hicho. Kama dhamiri yako haikuruhusu kuinama, kaa kwa adabu, usiiname.

Kuhusu nyama, mtawa wa Theravada, tawi la Ubuddha linalofuatwa Sri Lanka, anaweza kula aliyopewa, mradi hakuona, hakusikia wala hashuku kwamba mnyama alichinjwa kwa ajili yake.

Dhana: Simu inatosha, jumuiya ya nini?

Simu itakupa sauti nzuri ya kukuongoza. Haitaona mabega yako yalivyokakamaa, wala haitakuuliza mbona wiki hii una hasira na mwenzako. Ananda, mwanafunzi wa karibu wa Buddha, alipomwambia mwalimu wake kwamba urafiki mwema ni nusu ya maisha matakatifu, alijibiwa kuwa ni yote kabisa. Ukiwa peke yako ni rahisi kunyanyuka dakika ya kumi. Ukiwa na wenzako, utulivu wao unakushikilia.

Ukienda mara ya kwanza, vaa nguo pana zinazofunika mabega na magoti, viatu viache mlangoni. Ukitaka kuwapelekea watawa chakula, wahi, maana mlo wao wa mwisho ni kabla ya adhuhuri.