Pedi ngumu sio lazima iwe pedi imara

Juzi tena nimemsikia mtu anamshauri mwenzake anayetafuta pedi ya gemu za kudansi, "we nunua pedi ngumu tu, hiyo haifagi", na yule mwenzake akashukuru kabisa, akaondoka na jibu. Nimenyamaza mara nyingi, ila hii ya juzi imenishinda, maana ushauri wenyewe sio mbaya sana, kibaya ni hilo neno ngumu limebebeshwa mzigo ambao sio wake.

Maana kwanza, fasta. Pedi ya kudansi ni ile yenye mishale ya kukanyaga, gemu inapandisha mishale kwenye skrini na we unaikanyaga kwa miguu kufuata mdundo. Pedi laini ni ile inayokunjika kama kitambaa cha meza cha plastiki. Pedi ngumu ni isiyokunjika, mwili wake ni chuma au mbao, juu ina paneli za plastiki ngumu, akriliki au polikaboneti. Basi, maana imeisha hapo. Angalia vizuri, hakuna mahali nimesema itakaa miaka mingapi.

Sasa tuje kwenye jina lilikotoka, maana hapo ndo penye utamu. Mwanzoni hakukuwa na kitu kinaitwa pedi laini. Yaani zenyewe zilikuwepo, tena kwa nyumbani zilikuwa ndo hizo hizo, ila nani angeziita laini wakati hakuna nyingine ya kulinganisha? Bandai walitoa mkeka wa kukanyaga wa Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, mwaka 1986, unaitwa Family Trainer, una vitufe 12, na hakuna aliyeuita laini. Dance Dance Revolution, gemu ya kudansi ya Konami, ilitoka 1998 kwenye yale mamashine makubwa ya kumbi za gemu, yana jukwaa la chuma na taa chini ya miguu, mwaka uliofuata ikaingia kwenye PlayStation, na mtu wa nyumbani akapewa mkeka wa plastiki. Huo mkeka ukaitwa pedi tu. Zilipokuja za chuma za kuweka sebuleni ndo watu wakahitaji kutofautisha, hivyo moja ikaitwa ngumu, na ile ya zamani ikapachikwa jina la laini baada ya kuwa imeishi miaka bila hilo jina. Ni kama simu ya mezani. Ilikuwa simu tu, mpaka za mkononi zilipokuja ndo ikabidi tuikumbushe kwamba yenyewe ni ya mezani.

Kwa hiyo ngumu na laini yalikuwa majibu ya swali dogo sana: hii inakunjwa inaingia chini ya kitanda, au inasimamishwa ukutani? Hakuna aliyekuwa anauliza ipi itakufa kwanza. Alafu sisi tukalitafsiri jina la Kiingereza, hard pad, kama lilivyo, na Kiswahili chetu ngumu ina mambo mengi, kuna mtihani mgumu, kichwa kigumu, moyo mgumu, kazi ngumu, ndo maana nimeshakutana na mgeni wa gemu hizi aliyeamini pedi ngumu ni ya kuchezea levo ngumu na kwamba yeye bado hajafikia hapo. Sikumcheka. Jina lenyewe ndo lilimdanganya.

(Na pedi nayo, tukiwa hapo hapo. Ukimwambia mtu "nimenunua pedi" bila kumalizia sentensi, utaona anavyokuangalia. Kuna wanaosema tuite mkeka wa kudansi, na mi naliunga mkono kwa zile laini, maana hata huko Kiingereza neno pad lilipoanza kuandikwa karne ya 16 lilikuwa na maana ya fungu la majani makavu ya kulalia. Mkeka kabisa. Ila kuita mkeka kitu cha chuma cha kilo kumi na zaidi naona kama dhambi.)

Turudi. Watu wanaposema pedi ngumu haifi, neno wanalolitafuta ni imara, na imara sio ngumu. Gumu ni neno letu la Kibantu, linahusu kitu kinavyopokea kidole ukikibonyeza. Imara limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa kujenga na kuishi, na mzizi huo huo ndo umetupa umri. Imara na umri ni ndugu! Nikigundua vitu kama hivi nafurahi kuliko inavyotakiwa. Yaani ndani ya neno imara tayari kuna habari ya kujengwa vizuri na ya kuishi siku nyingi, na kudumu nalo, ambalo watu wanalichanganya humo humo, ni ndugu wa daima. Hakuna hata moja kati ya hayo linalokwambia kitu ni kigumu. Chaki ni ngumu, idondoshe uone. Kioo ni kigumu. Kandambili ni laini na inakanyagwa kila siku, ikifa inakatika kamba, soli bado ipo.

Na hapo kwenye kandambili ndo penye siri ya pedi zote, maana kinachokufa kwanza karibu kila mara sio sehemu unayoikanyaga, ni kile kinachosoma kwamba umekanyaga.

Pedi laini ndani yake ina tabaka mbili zinazopitisha umeme, katikati kuna sponji nyembamba yenye matundu. Ukikanyaga, tabaka ya juu inapita kwenye matundu inagusa ya chini, gemu inajua umekanyaga. Inakufa vipi? Ukiikunja kila siku pale pale, ile njia ya umeme inapasuka kwenye mkunjo na mshale unaacha kusoma. Au sponji inalala, haiinuki tena, tabaka zinagusana muda wote, mshale unaganda kana kwamba kuna mtu kaukanyaga na hataki kutoka. Au tabaka zinahama ndani, unakanyaga hapa sensa (kile kinachosoma mguu) iko pale. Ganda la juu hata mkwaruzo halina.

Sasa fungua pedi ngumu ya bei poa, utashangaa, ni habari ile ile! Chini ya akriliki kuna vibati viwili vinavyogusana ukikanyaga, vimetenganishwa na vipande vya sponji ya gundi pembeni. Sponji inalala, mshale unaganda. Bati linapata kutu au uchafu, mshale hausomi. Waya uliochomelewa kizembe unaachia kwa mtikisiko, maana unarukiwa na mtu mzima mara elfu kwa jioni. Ugumu wa juu haujasaidia chochote hapo, na kuna namna umeumiza, kwa sababu mtu akiona chuma anaruka kama anaua nyoka, wakati kwenye plastiki anakanyaga kwa adabu.

Mi mwenyewe nilinunua ya chuma moja hivi, sitaitaja, nzito, inang'aa, nikajua sasa nimemaliza mambo ya pedi maisha yangu yote. Haikufika mwaka mshale wa kulia ukaanza kuchagua siku. Nikaigeuza nichukue bisibisi, hakuna skrubu. Imegundishwa yote! Nilikaa nayo sakafuni naitazama kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Ili nibadilishe kasponji ka ukubwa wa kidole ilibidi nivunje paneli, na paneli za kuuza peke yake hazikuwepo. Wakati huo huo ile yangu ya zamani ya plastiki, niliyokuwa nimeibandika kwenye plaiwudi kwa tepu pana ili isiteleze na nisiikunje tena, ilikuwa inasoma mishale yote minne. Sasa niambie hapo imara ni ipi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza pedi imara ni ipi, mi naanza kuangalia chini na sio juu. Inafunguka kwa skrubu? Sponji, vibati, waya, bodi ya umeme, vinapatikana au naweza kuvitengeneza mwenyewe kwa tepu ya shaba? Waya wa USB unachomoka au umezaliwa humo ndani, kwamba ukikatika pedi nzima imekwenda? Kulikuwa na pedi za Marekani zinaitwa Cobalt Flux, kampuni haipo tena miaka mingi, lakini ukimkuta mwenye nayo bado anacheza, maana paneli zinafunguliwa na hata kile kisanduku cha kusoma mishale kilikuwa cha nje, kimeungwa kwa waya, kikifa unaunga kingine cha kutengeneza. Kampuni imekufa, pedi bado zinakanyagwa. Hiyo ndo imara ya ndugu yake umri.

Siku hizi kuna zinazotumia sensa za kupima mgandamizo, zinazosoma uzito wa mguu badala ya kusubiri vibati vigusane, na unaweza kurekebisha kwenye kompyuta mshale ushtuke kwa uzito gani. Uzuri wake kwenye habari yetu ni kwamba sponji ikianza kulala kidogo unarekebisha namba, hufungui kitu. Watu wengi wananunua pedi ya chuma ya kawaida alafu wanang'oa vibati wanaweka hizo sensa, jambo ambalo, nisamehe kurudia, linawezekana tu kama inafunguka.

Na imara sio kutokufa tu, ni kusoma vile vile leo na kesho. Kwenye Dance Dance Revolution alama ya juu kabisa, Marvelous, unaipata ukikanyaga ndani ya kama milisekunde 17 kabla au baada ya mdundo, yaani fremu moja ya skrini. Mshale unaosoma mara wa kwanza na mara wa tatu haujafa, ila kwa mchezaji ni maiti inayotembea.

Kabla hujaitangaza pedi yako kuwa mbovu lakini, kuna hii moja imeponza wengi. Kama unatumia pedi ya PlayStation ya zamani kwenye kompyuta kwa kutumia adapta, na mishale yote inasoma isipokuwa ukiruka kushoto na kulia kwa pamoja, pedi haina kosa. Baadhi ya adapta zinaichukulia mishale kama kile kitufe cha njia nne cha kontrola, na kwenye kontrola kidole hakiwezi kubonyeza kushoto na kulia kwa wakati mmoja, basi zinatupa mojawapo au zote. Badilisha adapta. Nimeona mtu anaacha pedi nzima kwa hili, akaenda kununua "ngumu", akaichomeka kwenye adapta ile ile.

Kuna na hizi za katikati zinazozidisha vurugu, pedi laini iliyowekewa sponji nene ndani, haikunjiki kirahisi, imevimba kama godoro dogo. Wauzaji wengine wanaiita ngumu. Sio ngumu jamani! Ni laini iliyoshiba. Ndani ni zile zile tabaka mbili, na haifai kuchezewa na viatu kama mwenzake isivyofaa, utaichana. Ni nzuri kwa magoti na haitelezi sana, inamfaa anayeanza, tena nyingi zina zipu, unafungua unapanga tabaka upya, kitu ambacho ile ya chuma yangu ya gundi haikuweza. Ila ngumu sio.

Kwa hiyo sikuzuii kusema pedi ngumu, endelea tu, ndo jina lake na wote tunaelewana. Kama unacheza kila siku na viatu, levo za juu, labda ndo unayoihitaji kweli. Ila ukitaka kumwambia mtu kwamba haifi mapema, lile neno lingine lipo, ni herufi tano tu, imara, na kabla hujalitamka naomba uigeuze hiyo pedi uhesabu skrubu. Zikiwa sifuri, ni ngumu tu.