Tungo zisizojulikana si tungo dhaifu

Wapo wasikilizaji wanaoamini kwamba kundi la jazi la piano, besi na ngoma likirekodi tungo zisizojulikana, basi limeokota makombo yaliyoachwa na wengine kwa kukosa ladha. Imani hiyo si sahihi, na ushahidi mzito ni rekodi ambazo Herbie Nichols, mpiga piano wa New York, aliifanyia kampuni ya Blue Note mwaka 1955 na 1956, akisindikizwa na wapiga ngoma wa hadhi ya Art Blakey na Max Roach. Nyimbo nyingi za jazi zinazofahamika leo zilienea kwanza kupitia majukwaa ya tamthilia za muziki ya Broadway huko New York, filamu na redio, ilhali tungo za Nichols hazikupata njia hiyo, na sehemu ya rekodi zenyewe ilibaki ghalani hata alipofariki mwaka 1963. Utungo wake mmoja ndio uliovuma, ule ambao mwimbaji Billie Holiday aliutilia maneno, ukawa “Lady Sings the Blues”. Ukizisikiliza rekodi hizo kwa utulivu, utaona Nichols alivyoziachia ngoma nafasi ndani ya utungo wenyewe, zikijibizana na piano badala ya kushika mapigo tu; ufundi huo, kwa maoni yangu, ni adimu hata katika nyimbo mashuhuri.