Je, wajua kwa nini mtu asiye na kesi anaweza kuingia mahakamani na kuyabana makampuni makubwa?

Hivi ushawahi kujiuliza, kesi ni ya serikali na makampuni, wewe hujashtaki wala hujashtakiwa, sasa unasimamaje pale na makaratasi yako mpaka jaji akusikilize? Inawezekana kabisa. Na 2001 kule Pretoria, Afrika Kusini, ilitokea hivyo na makampuni 39 ya dawa yakaishia kuifuta kesi yao wenyewe.

Turudi nyuma kidogo. Miaka ile ya mwisho wa tisini ukiwa na VVU na unataka ARV za kumeza mwaka mzima, bei ilikuwa kama dola 10,000 mpaka 15,000 kwa mtu mmoja. Nani anayo hela hiyo? Afrika Kusini peke yake walikuwa na watu zaidi ya milioni 4 wenye virusi, na wengi walikuwa wanakufa huku dawa ipo, imeshagunduliwa, iko kwenye boksi dukani. Kilichoiweka bei juu ni hataza, ile haki inayompa mwenye dawa miaka 20 ya kuzuia mtu mwingine yeyote asiitengeneze, kwa hiyo hana mshindani na bei anapanga anavyotaka. Huo ndo ukiritimba.

1997 bunge la kule likapitisha sheria ya kulegeza kamba. Kifungu chake kilichowauma makampuni kilimruhusu waziri kuagiza dawa kutoka nchi nyingine ambako inauzwa rahisi zaidi, na hapa naomba unielewe vizuri, tunaongelea boksi lilelile, dawa ileile ya kampuni ileile, ila huku inauzwa bei moja na kule bei nyingine, basi serikali inasema sisi tutanunua kule kwenye nafuu. Februari 1998 makampuni yakaenda mahakamani kuipinga, na kwa kuwa aliyeisaini ni rais, jina la Nelson Mandela likawemo kwenye orodha ya walioshtakiwa.

Kesi ikakaa miaka mitatu. Mawakili wa pande zote wakawa wanabishana mambo ya katiba, mamlaka ya waziri, mikataba ya biashara ya dunia. Mgonjwa hayumo mle ndani kabisa, hatajwi.

Hapo ndo wanaingia Treatment Action Campaign, TAC, kikundi kilichoanzishwa Desemba 1998 na kina Zackie Achmat, mwenyewe anaishi na virusi na aligoma kumeza ARV mpaka zipatikane kwa watu wa kawaida kwenye hospitali za umma. TAC hawakufungua kesi mpya. Waliomba wapokelewe kama rafiki wa mahakama. Huyu ni mtu au kikundi ambacho hakidai wala hakidaiwi kitu kwenye hiyo kesi, ila kina ujuzi ambao jaji anauhitaji na wenye kesi hawajauleta, basi anaandika hoja zake, anaomba ruhusa, jaji akikubali zile hoja zinaingia kwenye jalada. Na usidhani rafiki wa mahakama ni rafiki wa serikali. Haohao TAC waliipeleka serikali mahakamani kuhusu dawa ya kuzuia mtoto asiambukizwe na mama yake, na Julai 2002 Mahakama ya Katiba ikawapa ushindi.

Kesi ilianza kusikilizwa 5 Machi 2001. Mawakili wa makampuni walipinga TAC wasiingie. Jaji Bernard Ngoepe akawaruhusu, na akaruhusu na ushahidi wao.

Sasa cheki kulikuwa na nini mle. Hati za viapo za wagonjwa na madaktari, watu wanaeleza kwa majina yao maana ya kuandikiwa dawa usiyoweza kuinunua. Halafu na suala la bei. Makampuni siku zote yanasema bei ni kubwa kwa sababu utafiti ni ghali, TAC wakauliza utafiti upi na nani aliulipia? Maana chukua AZT, dawa ya kwanza kabisa kuruhusiwa kwa ajili ya virusi hivi, ilitengenezwa mara ya kwanza 1964 huko Marekani na Jerome Horwitz akiwa anatafuta dawa ya kansa, na hela ya utafiti ule ilikuwa ya umma. Na Februari 2001, mwezi mmoja tu kabla ya kesi, kampuni ya Cipla ya India ilikuwa imetangaza kuwauzia MSF, lile shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, dawa tatu za jeneriki (dawa ileile ila imetengenezwa na kampuni nyingine) kwa dola 350 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, chini ya dola moja kwa siku. Ukiweka 350 pembeni ya 10,000 mtu lazima aulize hiyo nyingine inaenda wapi.

Mimi naona nguvu yote ya yale makaratasi ilikuwa hapo. Swali likishaingia kwenye jalada lazima lijibiwe, na kwa kiapo. Serikali haikuwa imeliuliza kwa ukali ule, ila sasa makampuni yalitakiwa yaeleze bei zao mbele ya jaji, waandishi wa habari wamejaa. Wakaomba miezi kadhaa ya kujiandaa, jaji akawapa wiki chache, kesi irudi 18 Aprili. Huku nje watu wanaandamana nchi mbalimbali, MSF wamekusanya saini zaidi ya laki mbili. Tarehe 19 Aprili makampuni yakaiondoa kesi, na watu wa TAC waliovaa fulana zilizoandikwa HIV POSITIVE wakaimba kwa furaha.

Kwetu huku kuna inayofanana. Kenya ilipitisha sheria ya bidhaa bandia 2008, tafsiri yake ya neno bandia ikawa pana kiasi kwamba hata dawa halali ya jeneriki ingeweza kukamatwa. Watu watatu wanaoishi na VVU wakaenda Mahakama Kuu, na Anand Grover, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa wa haki ya afya, akakubaliwa kutoa maoni yake. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba vifungu vile vinahatarisha haki ya uhai, utu na afya.

Katiba ya Kenya yenyewe, ibara ya 22, inamtaja rafiki wa mahakama, ila 2015 Mahakama ya Juu iliweka masharti: asiegemee upande, na hoja zake ziwe za kisheria tu. Kwa masharti hayo TAC na viapo vyao vya wagonjwa wangepata shida kuingia, ndo maana vikundi vingi vya Kenya vyenye msimamo wake huomba kuingia kwa mlango mwingine, kama mhusika mwenye maslahi kwenye kesi.