Hashtegi si kundi, na Instagram haikuua chochote

Wiki iliyopita, harusini Tabata, nilikuwa kwenye foleni ya pilau. Kijana mmoja mpiga picha, kamera mbili shingoni, akanisogelea. "Shikamoo anko. Nasikia nyie ndio mlikuwa mnaendesha lile kundi la picha za Dar kule kwenye tovuti ya picha ya Flickr. Si Instagram ndiyo iliwamaliza?" Nikaitikia marahaba, nikachukua pilau yangu, nikaenda kukaa. Swali hili nimeulizwa misibani, kwenye daladala, hata na fundi wa lenzi. Sasa naandika, ili atakayefuata nimtumie kiungo nile kwa amani.

Tuanze na kalenda. Flickr ilifunguliwa Februari 2004 huko Vancouver, Yahoo wakainunua 2005. Instagram ilitoka Oktoba 2010, tena kwa iPhone peke yake. Wenye Android walisubiri hadi Aprili 2012. Dar ya 2010, iPhone zilikuwa mikononi mwa akina nani? Kwenye kundi letu, wanaozimiliki ningewahesabu kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kikombe cha chai. Lakini mazungumzo yalishaanza kukauka. Mada ya "Jumamosi tunatembea wapi?" iliyokuwa ikipata majibu thelathini, mwishoni mwa 2009 ilipata manne, na mawili yalikuwa yangu. Marehemu hauawi na mtu ambaye hajazaliwa.

Kundi lilikuwa na pande mbili: kapu, yaani pale wanachama walipotia picha zao, na baraza, pale walipobishana. Wanaosimulia habari hizi leo wanakumbuka kapu tu. Kapu halikufa. Kapu lilinenepa! Watu walijifunza kuitupa picha moja kwenye makundi chungu nzima kwa mpigo. Yakazuka na yale makundi ya "tia picha moja, toa tuzo mbili": unabandika kinishani kinachometameta chini ya picha za watu wawili ambazo hata hujazitazama, nawe unabandikiwa chako. Mtalii aliyebadilisha ndege tu Dar anatuletea twiga ishirini wa Serengeti kwenye kundi la mji. Twiga! Mimi nikiwa admini kazi yangu ikawa kufukuza twiga kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Idadi ya picha inapanda, kwenye baraza hakuna mtu. Ukiangalia namba utasema kundi lina afya.

Sasa tufike kwenye jambo linaloniudhi hasa. Kijana wa harusini alinifuata mezani, akasema, "Lakini anko, si hashtegi inafanya kazi ileile?"

Haifanyi.

Nitoe mfano. Mwaka 2008 mwenzetu mmoja alileta picha ya mlango wa nakshi, ameupiga kwa karibu mno: ule ubao wa katikati uitwao mfaa, misumari ya shaba, kipande cha kizingiti, basi. Maelezo yake: "Mlango, Zanzibar." Kabla ya adhuhuri mama mmoja mwenyeji wa Lamu alikuwa ameshauliza kwa nini nakshi ya mfaa imesuguliwa upande mmoja. Mwingine akasema mlango huo anaujua, si wa Unguja, uko Bagamoyo, na upande ule umesuguka kwa sababu mwenye nyumba huegemeza baiskeli hapo. Wakabishana siku mbili, kwa adabu kiasi, mpaka mtu wa tatu akatafuta kwenye maktaba yake picha ya mtaa mzima, baiskeli ikiwa imeegemea palepale. Mwenye picha akabadilisha maelezo. Leo ukiifungua utakuta jina sahihi la mji, na chini yake ubishi wote umehifadhiwa, baiskeli na vyote.

Angekuwa ameitia hashtegi ya Zanzibar, ingekusanya laiki na ingebaki ya Zanzibar hadi kiama. Hashtegi haina mwenyeji wa kukukaribisha wala wa kukukatalia. Haina anayejua kwamba ufukwe uliouleta ni wa Maldives, na amini usiamini, nimeona fukwe za Maldives chini ya jina la Zanzibar mara nyingi kuliko nilivyoona Chumbe, kisiwa cha Zanzibar yenyewe. Kundi la mahali lilikuwa na mtu anayepajua mahali. Tofauti ni hiyo, nami sielewi kwa nini inahitaji aya tatu ili ieleweke.

Haya, mfano wa pili, kwa wagumu. Usiku wa Julai 10, 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua, lile alilolisanifu Beda Amuli, lenye paa la miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini ili ikinge maji ya mvua. Kesho yake nilitaka kuona lilivyokuwa ndani. Nikatafuta kwa hashtegi ya Kariakoo. Nikapata raba. Nikapata mikoba, vitenge vya jumla, sufuria zisizoshika chakula, na namba za simu za wauzaji wote wa Msimbazi. Siwalaumu, hashtegi ni yao kama ilivyo yangu. Nikarudi kwenye kapu letu lililojaa vumbi. Humo nikakuta miavuli imepigwa kutoka chini, mwanga unashuka pembeni; ngazi za kwenda shimoni; mzee wa nazi na mizani yake; na kila picha ina tarehe, na nyingine zina mtu anayeeleza kimeza cha muuzaji kilikuwa upande gani. Yote hayo yalikusanywa Jumamosi mbili na watu kumi waliotembea pamoja na kugombana kuhusu tundu la lenzi.

Wenzetu wa London walikuwa na mchezo mzuri, kundi la Guess Where London: unatia picha ya kona ya mji bila kusema ni wapi, wengine wanakisia. Sisi tuliujaribu mara moja. Picha ya kwanza ilikuwa ya shimo la barabarani, na kila mwanachama akadai ni la mtaani kwake.

Watu hupenda pia kutaja 2013, Yahoo walipobadilisha sura ya tovuti na kugawa terabaiti nzima bure, au 2018, kampuni ya picha ya SmugMug ilipoinunua Flickr na kutangaza kikomo cha picha 1,000 kwa wasiolipa. Mambo makubwa hayo, lakini sitakaa hapo. Sisi tulishanyamaza zamani.

Basi nani muuaji? Hapa lazima niseme kitu kisichonipendezesha. Nadhani tulifanikiwa mno. Baada ya miaka mitatu ya kutembea pamoja kutoka Sanamu ya Askari hadi Kivukoni, kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake. Kwa nini uandike barazani "Jumamosi wapi?" wakati unaweza kupiga simu? Tukahamia kwenye meseji, baadaye WhatsApp, na ubishi mtamu ukaendelea huko, ambako mgeni hauoni. Mgeni akija anakuta twiga na ukimya, anaondoka. Na WhatsApp, kama mnavyojua, inaibana picha na kuivua taarifa zake, tarehe na lenzi na yote, halafu simu ikiibiwa Mwenge, ubishi wote umekwenda nayo.

Lakini sina uhakika, na nikisema ninao nitakuwa nawadanganya. Inawezekana hapakuwa na kundi kamwe, palikuwa na marafiki kumi na wawili na tovuti. Wawili walihama nchi, mmoja akapata mapacha, hesabu ikaisha. Inawezekana pia neno "wenyeji" tulilitumia kwa ulegevu: karibu nusu yetu walikuwa wageni wenye mikataba ya miaka miwili, kwa sababu ndio waliokuwa na kamera nzuri na intaneti ofisini. Wengine tulipakia picha usiku kwenye intaneti kafe, tunalipia kwa dakika, picha moja inapanda taratibu kama mkokoteni wa maji.

Na kuna kanuni ya saba. Mwaka 2011 niliandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Picha za simu haziruhusiwi." Nilikuwa nalinda ubora, nilivyojiambia. Wadogo zetu waliokuwa na simu tu, ambao wangetembea na sisi Jumamosi kumi na tano mfululizo, walisoma kanuni ya saba wakaenda zao. Walipokwenda mnapajua. Kijana wa harusini alipofika hapo katika mazungumzo akauliza, "Kwa hiyo anko, ni wewe?" Nikamwambia ale pilau, inapoa.

Juzi usiku niliingia tena kama admini, nikafuta kanuni ya saba, miaka mingi nimechelewa. Kwenye foleni ya picha zinazosubiri kibali kulikuwa na moja tu: machweo, mnazi umeinama, maji ya buluu, vibanda juu ya nguzo. Maldives mtupu. Nikaikataa, nikaandika sababu, "Hapa si Dar, karibu tena," nikakaa kusubiri kama atabisha.