Siti 4 zikawa 1: kitu ambacho klasta ya Tomcat haikioni kwenye sesheni

Juzi dogo mmoja kazini kaniuliza, "Kaka, kama seva zetu zote zina nakala ya sesheni, mbona tukizima moja mteja bado anapoteza vitu?" Nikacheka maana jibu la hilo swali nililipata kwa jasho, Desemba moja hivi, kwenye mfumo wa tiketi za mabasi, kampuni siitaji.

Kwa wageni wa haya mambo: HTTP (lugha ambayo kivinjari na seva vinaongea) haina kumbukumbu, kila ukibofya ni kama mtu mpya kapiga hodi. Ndo maana Tomcat (programu ya seva inayoendesha programu za Java) inakupa kuki inaitwa JSESSIONID, ambayo ni kama ile risiti unayopewa ukiacha begi stendi, wewe unabaki na kikaratasi, begi lenyewe, yaani sesheni (umeingia kama nani, umechagua siti gani), liko kwenye memori ya seva. Seva ikizima, kikaratasi unacho, begi hakuna. Kwa hiyo unaweka seva mbili tatu, mbele unasimamisha lodi balansa ya kugawa wateja, halafu unawasha klasta ili begi liwe na nakala kwa majirani.

Kuwasha kwenyewe ni rahisi mpaka inatia wasiwasi, mstari wa Cluster kwenye server.xml na distributable kwenye web.xml (mafaili ya mipangilio), basi. Seva zinatafutana kwa maltikasti (ujumbe mmoja unaowafikia wote kwa mpigo), anwani 228.0.0.4 poti 45564, kila nusu sekunde inasema "nipo", ikikaa kimya sekunde 3 wenzake wanaihesabu marehemu. Sesheni zenyewe zinapita TCP (muunganisho wa seva kwa seva), kuanzia poti 4000. Ukiwa kwenye klaudi mara nyingi maltikasti haipiti kabisa, unaandika majina ya wenzake kwa mkono, usipoteze siku nzima kama mimi.

Sasa ile siku. Ijumaa mchana, watu wanakata tiketi za kwenda kwao sikukuu, nikazima seva A nipandishe toleo jipya nikijua seva B imebeba kila kitu. Simu zikaanza kulia. Ajabu ni kwamba hakuna aliyetolewa nje, jina la mtu bado lipo pale juu kulia, ila aliyechagua siti 4 za familia anaiona 1. Ile ya kwanza tu!

Nikafungua kodi (ya programu, sio ya nyumba) nikakuta hii:

List siti = (List) session.getAttribute("siti");
siti.add("B3");

Umeona? Siti ya kwanza iliwekwa kwa setAttribute, zilizofuata zikachomekwa tu ndani ya orodha. Kwenye memori ya A zimo kweli, lakini DeltaManager (sehemu ya Tomcat inayonakili sesheni) haji kuchungulia ndani ya orodha yako, yeye anakaa mlangoni anaandika kilichopita kwa setAttribute au removeAttribute, ombi likiisha anawatumia wenzake hayo aliyoandika. Siti B3 haikupita mlangoni. Dawa ni mstari mmoja, session.setAttribute("siti", siti) tena baada ya add, unaonekana wa kijinga mpaka kuna mtu ataufuta akidhani anasafisha, kwa hiyo andika maelezo pembeni yake.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba tulikuwa tumejaribu. Kila mteja lodi balansa inamrudisha seva ileile kwa kusoma jvmRoute (jina la seva) mwishoni mwa kuki, kwa hiyo siku za kawaida hakuna anayegusa nakala. Na kwenye jaribio letu B ilizimwa na kuwashwa kwanza, na seva ikiwaka inavuta sesheni nzima nzima kutoka kwa mwenzake, siti zote 4 zikiwemo, ndo tukazima A tukaona kila kitu safi. Tukapeana mikono.

Kuna nyingine ya familia hiyohiyo. Kitu kisicho Serializable (Java haiwezi kukigeuza kuwa data ya kutuma) ukikiweka kwenye sesheni moja kwa moja Tomcat inakikataa palepale, lakini kifiche ndani ya ArrayList kinapita, maana inakagua mfuko sio kilichomo, utakuja kukutana na NotSerializableException kwenye logi wakati wa kutuma.

Halafu DeltaManager inatuma kwa kila seva kwenye klasta. Seva 2 au 3 sawa, zikizidi 4 hamia BackupManager, hiyo inaweka nakala kwa jirani mmoja tu. Na kumbuka channelSendOptions (mpangilio wa namna ya kutuma nakala) ikiachwa kwenye 8 jibu linaweza kumfikia mteja kabla nakala haijafika, ukiweka 6 inasubiri jirani akiri amepokea, ila kila ombi litalipa huo muda. Mimi siku hizi siti naziweka kwenye databezi, sesheni inabeba namba ya mteja na vitu vidogo.

Dogo kaenda kutafuta getAttribute kwenye mradi wetu wa sasa, karudi na mafaili 9 yenye mchezo uleule. Mawili niliyaandika mimi.