Je, wajua kwa nini kuku chotara wa mayai hutaga karibu kila siku, na kwa nini vifaranga wake hawafanani naye?

Chukua kuku chotara wa kahawia mwenye uzito wa kilo 2. Katika mwaka wake wa kwanza wa kutaga, akitunzwa vizuri, hutoa mayai 300 hivi. Yai moja lina gramu 60. Piga hesabu: hizo ni kilo 18 za mayai, mara 9 ya uzito wake mwenyewe. Kuku mwitu mwekundu wa misitu ya Asia, ambaye kuku wafugwao wametokana hasa naye, hutaga mayai machache kwa msimu, huyaatamia, na huacha kutaga mpaka amalize kulea. Chotara haatamii. Yai likitoka, kiini cha lingine kiko karibu kuanza safari.

Wanaomfuga nyumbani huuliza mambo mawili. Anawezaje? Na mbona ukitotolesha mayai yake hupati kuku kama yeye? Maswali haya yana mzizi mmoja. Wazazi wake wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili yai litangulie, mwili ufuate. Chotara akipungukiwa haachi kutaga mara moja. Huendelea kwa muda huku akichota kutoka mifupani na misulini mwake. Kwa hiyo kosa la leo kwenye chakula unaweza kuliona baada ya wiki kadhaa, na mfugaji akadhani ni ugonjwa.

Rangi ya siku ya kwanza

Fungua boksi la vifaranga wa siku moja wa chotara wa kahawia. Majike wana rangi ya hudhurungi, wengine wakiwa na mistari mgongoni. Madume ni manjano mpauko. Baba yao ni jogoo mwekundu wa aina kama Rhode Island Red, na mama ni mtetea wa aina yenye jeni ya rangi ya fedha, mfano Light Sussex au Rhode Island White.

Kwa ndege, jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti za jinsia, yaani Z na W, na dume ana Z mbili. Jeni inayoamua fedha au dhahabu imekaa kwenye Z. Kifaranga jike ana Z moja tu, nayo ameipata kwa baba, basi hutoka na dhahabu ya baba. Kifaranga dume amepata Z mbili, moja ya baba na moja ya mama, na fedha ya mama huifunika dhahabu. Chotara weusi hufuata kanuni hiyohiyo kwa jeni nyingine: jogoo mwekundu akimpanda mtetea wa Barred Plymouth Rock, vifaranga wote huwa weusi, lakini madume huwa na doa jeupe utosini.

Sasa mpandishe jogoo chotara wa kahawia kwa mtetea chotara mwenzake. Jogoo huyo ana Z ya fedha na Z ya dhahabu, na kila kifaranga hupata mojawapo kwa bahati. Nusu ya majike huwa na fedha, nusu ya madume huwa na dhahabu, na rangi haikuambii kitu tena. Hiyo ndiyo hasara ndogo. Chotara wengi wa mayai wana mababu wa nasaba nne tofauti: mbili zimemzaa baba, mbili zimemzaa mama, na kila moja imechujwa kwa sifa yake, iwe idadi ya mayai, ugumu wa ganda, ulaji mdogo au utulivu. Nguvu ya uchotara hujitokeza zinapokutana mara ya kwanza. Kizazi kinachofuata sifa hutawanyika: mmoja hutaga kama mama, wa pili hukaa kiotani kuatamia, wa tatu hula sana na kutaga kidogo. Vifaranga hao wanafugika, ila huwezi kupanga chochote juu ya mayai yao. Anayetaka utagaji uleule hana budi kununua vifaranga wa kizazi cha kwanza kila mara. Na jogoo si lazima bandani: kuku hutaga bila yeye, ila mayai hayo hayatotoleki.

Saa 25 za yai

Ndani ya mtetea anayetaga, ovari ni kishada cha viini vya ukubwa mbalimbali, kama zabibu zinazoiva kwa zamu. Kilichoiva huchomoka na kudakwa na mdomo wa mrija wa mayai. Kwa saa 3 hivi huvishwa ute, kwa saa 1 na dakika kadhaa huvishwa utando, kisha hukaa saa 20 hivi kwenye sehemu ya mrija inayojenga ganda. Jumla ni kama saa 25. Nusu saa hivi baada ya kutaga, kiini kingine huchomoka.

Kwa sababu ya ile saa 1 inayozidi siku, yai husogea. Leo hutagwa saa 1 asubuhi, kesho saa 2, keshokutwa saa 3, mpaka zamu iangukie alasiri. Hapo mwili hautoi kiini. Kuku hupumzika siku moja na kuanza tena asubuhi. Chotara mzuri mzunguko wake unakaribia saa 24 kamili, basi huweza kwenda wiki nyingi bila kuruka siku. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya wingi wa mayai yake.

Mayai mengi hutoka kabla ya saa 5 asubuhi, kwa hiyo usifagie banda wala kuwafukuza viotani wakati huo. Kama wanatoka nje, wafungulie baada ya hapo, la sivyo utayaokota vichakani.

Ganda hujengwa usiku, chakula huliwa mchana

Hapa ndipo wengi wanapokosea, nasi tungeomba msomaji apasome polepole. Ganda moja lina gramu 2 na kidogo za kalsiamu. Mifupa yote ya kuku ina kama gramu 20. Maana yake kila yai huondoka na kiasi sawa na sehemu ya kumi ya kalsiamu ya mifupa yake, na kesho linakuja jingine.

Kuku huyu hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Chakula cha kuku wa mayai kinatakiwa kiwe na protini asilimia 16 hadi 18 na kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4. Tuseme amekula gramu 115 zenye kalsiamu asilimia 3.8: amepata gramu 4.4. Mwili hunyonya kama nusu yake, kiasi kinachotosha ganda moja bila ziada ya maana. Sasa mtu mwenye huruma humwagia kila kuku gramu 40 za mahindi kwa siku. Kuku hushiba mahindi na kula gramu 75 tu za chakula chake. Mahindi karibu hayana kalsiamu, kwa hiyo amebaki na gramu 2.9. Protini nayo imeshuka kutoka gramu 19.5 hadi 16 hivi. Wiki ya kwanza huoni kitu. Baadaye ganda huwa jembamba, mayai hupungua, kuku hudonoana manyoya, na mmoja hukutwa amekaa chini hawezi kusimama, mifupa ikiwa imechotwa mno. Nafaka ya kuwachangamsha isizidi gramu 10 kwa kuku.

Kuna tatizo la saa pia. Ganda hujengwa zaidi usiku, kuku akiwa amelala na tumbo likiendelea kuwa tupu. Ndani ya mifupa yake mirefu kuna akiba maalumu ya kalsiamu, ambayo tembe, yaani kuku jike ambaye hajaanza kutaga, huanza kuijenga wiki mbili hivi kabla ya yai la kwanza. Alfajiri huchota humo. Ili asichote sana, mpe magamba ya chaza au chokaa ya mawe yenye chembe kubwa, milimita 2 hadi 4, katika chombo cha pembeni kuanzia saa 10 jioni. Chembe hizo hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha. Chokaa ya unga hupita upesi. Changarawe ya mtoni husaga chakula, lakini haijengi ganda.

Tembe asiyekaribia kutaga asipewe chakula cha kuku wa mayai. Kifaranga anatakiwa apate kalsiamu kama asilimia 1. Ikizidi sana, figo zake huharibika. Mpe chakula cha kukuzia mpaka wiki ya 16 au 17, kisha badilisha kidogokidogo upanga wake wa kichwani unapoanza kuwa mkubwa na mwekundu.

Joto nalo huharibu ganda hata chakula kikiwa sawa. Kuku hatoki jasho, hutweta. Akitweta hupoteza kaboni dayoksaidi nyingi, na damu yake hupungukiwa na malighafi ya ile kaboneti inayounganishwa na kalsiamu kutengeneza ganda. Wakati wa joto kali wape kivuli, maji baridi, na sehemu kubwa ya chakula alfajiri na jioni. Siku za kawaida kuku mmoja hunywa mililita 200 hadi 250. Siku za joto huweza kunywa maradufu. Siku moja bila maji inatosha kuangusha utagaji, na hauinuki kesho yake.

Mwanga hufungua mlango

Kuku huuhisi mwanga si kwa macho tu. Hupenya fuvu na kuufikia ubongo, nao huamuru ovari ifanye kazi. Anayetaga anahitaji saa 14 hadi 16 za mwanga. Karibu na ikweta mchana ni saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo chotara hutaga lakini hafikii kilele chake. Taa ndogo inatosha, ilimradi uweze kusoma gazeti ukiwa umeinama usawa wa kuku. Iwashwe kabla ya mapambazuko, maana ikizimwa ghafla usiku huwakuta kuku chini, nao hulala sakafuni. Ongeza nusu saa kila wiki. Kanuni ya zamani bado ni sahihi: mwanga usiongezwe kwa tembe wanaokua, usipunguzwe kwa wanaotaga.

Usikimbilie taa kabla tembe hajafika wiki 17 au 18 na uzito wa kilo 1.4 hadi 1.6. Pima, usikisie. Tembe mdogo aliyesukumwa na mwanga huanza kutaga kabla nyonga haijatanuka, na mrija wa mayai huweza kutokeza nje. Wenzake wakiona chenye wekundu hukidonoa hadi kumuua. Mtenge mara unapomwona. Kuku aliyenenepa kupita kiasi hupatwa na hilohilo.

Banda lenyewe

Kuku 4 au 5 kwa mita 1 ya mraba wanatosha. Fito za kulalia ziwe na sentimita 20 kwa kila kuku na zizidi viota kwa kimo, kwani kuku hutafuta mahali pa juu na wakilala viotani utapata mayai yenye kinyesi. Zisiwe juu mno: chotara mwenye mifupa iliyochotwa akiruka kutoka kimo kikubwa huvunjika mfupa wa kidari. Kiota kimoja chenye giza kwa kuku 5.

Chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle) hutolewa kwa kawaida siku ya 7 na ya 21, kisha kila baada ya miezi 3. Ukiichanganya na maji, yasiwe na klorini. Na kama mayai yamepungua, panga za kichwani zimepauka na kuku wanakataa kupanda kulala, nenda bandani usiku na tochi. Pitisha karatasi nyeupe chini ya fito. Ikitoka na michirizi ya damu, huo ni utitiri mwekundu. Mchana hujificha kwenye nyufa, usiku hunyonya. Mwagia nyufa maji ya moto, ziziba, na rudia baada ya siku 7, kwa sababu mayai yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa.

Baada ya wiki 72

Kadiri kuku anavyozeeka yai huwa kubwa, ilhali ganda analolitengeneza halizidi sana. Ganda lilelile hutandazwa juu ya yai kubwa zaidi, basi huvunjika kirahisi. Kuanzia wiki ya 72 hivi ya umri wake utagaji hushuka taratibu, na wengi hunyonyoka manyoya na kupumzika wiki kadhaa kabla ya kurudi kwa kiwango cha chini.

Kumjua aliyeacha, mshike usiku akiwa ametulia na uweke vidole kati ya ncha mbili za mifupa ya nyonga, chini ya mkia. Vikiingia 3, na tundu likiwa pana na lenye unyevu, anataga. Kikiingia 1, na tundu ni dogo na kavu, ameacha. Kwa wenye ngozi ya njano angalia pia miguu: anayetaga huhamishia unjano kwenye viini, basi miguu hupauka. Ikiwa imerudi kuwa ya njano iliyokolea, ana wiki nyingi bila yai.